Kuzuia kutu kwenye hendibreki ya gari la pwani

Hapa Mombasa upepo wa bahari una chumvi, na hendibreki ndiyo huumia kimyakimya. Mteja wangu mmoja alisafiri miezi miwili akaacha Probox yake nje, hendibreki imevutwa. Aliporudi, gurudumu moja la nyuma likakataa katakata kuzunguka: shuu, yaani vipande vya breki vinavyobana, zilikuwa zimegandana na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Maelezo haya ni ya magari yenye dramu nyuma.

Hatua ya 1. Egesha pahali tambarare, weka gia, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Inua kwa jeki, kisha tegemeza gari kwa stendi. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Achilia hendibreki.

Hatua ya 2. Toa gurudumu, kisha dramu. Ikigoma, weka nyundo kando. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye thredi: tia boliti mbili za milimita 8, kaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, mpaka dramu ijisukume yenyewe.

Hatua ya 3. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kompresa, kwani liningi za zamani, yaani tabaka la shuu linalosugua dramu, huweza kuwa na asbesto, vumbi linalodhuru mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa, tupa kitambaa.

Hatua ya 4. Kwa brashi ya waya, sugua mkono mdogo unaovutwa na kebo ya hendibreki, pini yake, na yale mabonge ya bamba la nyuma ambapo kingo za shuu huteleza. Yaking'aa, paka grisi ya breki, nyembamba sana. Grisi ya kawaida huyeyuka kwa joto, ikifika kwenye liningi gari halishiki tena.

Hatua ya 5. Sasa kebo, na hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Waya umesokotwa ndani ya ala, na mdomo wa ala unafunikwa na mpira. Bonyeza mpira huo kwa vidole, uukunje, utafute ufa. Nilipasua kebo moja iliyokwama: ufa wa mpira haukuzidi upana wa ukucha, lakini ndani waya ulikuwa umevimba, rangi ya kahawia, na tope la kutu likachuruzika. Kumimina oili chafu humo hakusaidii. Hunasa vumbi tu. Waya ukirudi polepole, au uzi mmoja ukikatika, badilisha kebo. Ukiwa mzima, safisha sehemu iliyo wazi, paka grisi kidogo, urudishe mpira mahali pake.

Vishikio vya kebo chini ya bodi visugue, uvipake rangi ya kuzuia kutu.

Hatua ya 6. Funga, vuta hendibreki ukihesabu milio yake ya "kli", linganisha na kitabu cha gari. Ukiachilia, gurudumu lizunguke bila kukwaruza.

Ukipita mchangani ufuoni au kwenye mafuriko, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Vuta hendibreki kila siku, hata kama gari ni la otomatiki. Ukisafiri muda mrefu, liache tambarare, kwenye gia, au P kwa otomatiki, mawe kwenye magurudumu, na hendibreki imeachiliwa.