Mkweme uwanjani: sikiliza haya kabla hujafukia mbegu

Tangu msimu wa korosho uanze, watu watatu wameniomba mbegu za kweme. Wote nimewaambia wakae chini kwanza. Sasa nayaandika, maana nimechoka kuyarudia kwenye kila kibaraza hapa Mtama, Lindi.

Jua unachopanda. Mkweme ni mmea unaotambaa, wa ukoo mmoja na boga na tango, lakini usiuchukulie kama boga, la kupanda na mvua, kuvuna na kusahau. Huu ukishika unakaa miaka, hata 20, na ukipata mti mrefu wa kukwea hufika mita 30. Ni mmea wa asili wa Tanzania na Msumbiji, si mgeni aliyeletwa na meli. Wanaousifia sana ni Wachaga na Wapare, ambao mama akijifungua humpa kweme, yaani mbegu zake, ili maziwa yapatikane. Huku kwetu Lindi na Mtwara ukitaja kweme, wengi watakuuliza ni kabila la wapi.

Ukitafuta mafunzo kwenye intaneti, angalia usije ukafuata video za Nigeria. Kule wana ndugu yake, wanamwita ugu, na wanachuma majani. Wetu, ambao kwa jina la kitaalamu ni Telfairia pedata, unapandwa kwa ajili ya mbegu. Ni mbegu bapa za mviringo, upana sentimita 3 hadi 4, na zaidi ya nusu ya kiini chake ni mafuta. Ukifuata video na kuuchuma majani kila wiki, usinilaumu.

Mbegu ziwe mpya, zilizotoka kwenye tunda juzijuzi. Zilizokaangwa ni za kutafuna. Ziatikie kwenye viriba mwezi wa Novemba, ili mvua za Desemba zikikolea miche iwe tayari kuhamia shimoni. Shimo liwe na samadi iliyooza, pahala pasipotuama maji. Kiangazi cha kwanza lazima umwagilie, maana huku tuna msimu mmoja tu wa mvua, na kuanzia Juni mpaka Novemba usitegemee wingu. Walioko Newala na Tandahimba, ambako maji yana hesabu yake, wapande miche wanayoweza kuinywesha, si wanayoitamani.

Mti wa kukwelea uamue kabla ya kupanda. Usiupeleke kwenye mkorosho! Najua ndio mti ulioko kila uwanja, najua unakutazama, lakini mkorosho huchanua kwenye ncha za matawi zinazopigwa na jua. Mkweme ukishatandika majani yake pale juu, hizo ncha zinakaa gizani na uzito unavunja matawi. Utakuwa umebadilisha hela ya mnada wa korosho kwa kivuli. Tafuta mkwaju mkubwa, au mwembe mzee uliokwisha kuzaa vya kutosha. Uchanja wa miti mikavu utaliwa na mchwa kabla hujaonja kweme hata moja.

Sasa lile lililoniuma mimi.

Desemba 2018 shemeji alinletea mbegu kutoka Same, zikaota tatu. Tatu zinanitosha, nilisema, uwanja wenyewe mdogo. Nikazitunza kama watoto. Mwaka 2020 zikachanua, maua ya zambarau yenye nyuzinyuzi pembeni kama shela ya bibi harusi, yamepangana kwenye vikonyo virefu. Nikaita majirani waje waone. Baada ya siku chache maua yote chini. Yakatoka mengine, nayo chini. Nikaongeza samadi. Nikaongeza maji. Tunda, hakuna.

Nikaanza kutafuta mchawi. Jirani yangu alikuwa anapuliza salfa, ile dawa ya unga ya ukungu, kwenye mikorosho yake, kama kila mtu anavyofanya msimu ukifika, na vumbi lake linavuka mpaka kwangu. Nikamfuata asubuhi moja, nikamwambia mbele ya wanawe kwamba salfa yake inaua nyuki wangu na kupukutisha maua yangu. Tukakaa karibu mwaka mzima hatusalimiani, nyumba na nyumba.

Kisha akaja bibi yake mke wangu kutoka Upareni. Hata mzigo hajautua vizuri, akasimama chini ya mkwaju, akatazama juu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mume wangu," akaniambia, "umejaza wanaume watupu uwanjani, nani akuzalie?"

Mkweme ni kama mpapai: kuna dume na kuna jike, kila mmoja shina lake. Ua la dume hutoka kwa mafungu kwenye kikonyo, likimaliza kazi linaanguka. Ua la jike hukaa peke yake, na nyuma yake lina kiuvimbe, kama kiboga kichanga. Kabla ya kuchanua huwezi kuwatofautisha, wala kwa jani, wala kwa unene wa shina, na usimwamini anayekuambia mbegu nene ndiyo jike. Tunda moja huweza kuwa na mbegu zaidi ya mia, madume na majike humo humo. Mimi bahati yangu ilinipa madume matatu.

Nilimpelekea jirani jogoo. Alilipokea, akaniuliza kama nina hakika ni jogoo. Nilistahili.

Kwa hiyo usipande mbili wala tatu. Otesha nane, kumi, mbili mbili kila shimo, usubiri zijitambulishe. Zikichanua acha dume mmoja tu, anatosha majike kumi na zaidi, wengine uwaondoe. Lakini usiwang'oe wote kwa hasira kama nilivyotaka kufanya, kwa sababu jike bila dume naye atakupukutishia maua vilevile. Na kama kuna mtu jirani ambaye tayari ana jike linalozaa, achana na mbegu, mwombe ruhusa. Inamisha mtambaa mmoja hadi chini, fukia sehemu ya katikati, ulowanishe udongo kila mara. Ukiota mizizi ndipo uutenge na mama yake. Hapo unajua umepata jike, huna haja ya kungoja miaka miwili ukibahatisha. Majike yangu mawili ya sasa niliyapata kwa njia hiyo, na ilinibidi kusafiri kuyafuata.

Mengine ni madogo. Tunda huweza kufika kilo 15, kwa hiyo usiupitishe mkweme juu ya bati, wala juu ya njia ya kwenda chooni, wala pale wazee wanapochezea bao. Likikomaa hupasuka lenyewe huko huko juu na kumwaga mbegu, basi tazama kila siku msimu ukifika, la sivyo utaokotea majanini na panya. Maganda ya nyuzi yanayofunika mbegu ni machungu, yaondoe yote kabla ya kukaanga, na kisu kiwe kikali maana kile kigamba cha ndani ni kigumu. Mbuzi wafungwe. Watoto wakatazwe kubembea kwenye shina. Usipandishe mtu mkwajuni asubuhi kukiwa na umande, na ngazi ishikwe na mtu mzima, si yule kijana anayechezea simu.