Kabla ya kufungua shauri la talaka Dar es Salaam

Iwe ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila au ya serikali, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakutaka uanzie baraza la usuluhishi: la kata, Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au kanisa. Likishindwa kuwapatanisha, dai hati. Isome hapohapo, maana mashauri mengi hukwamia hapa: lazima iseme wazi kwamba usuluhishi umeshindikana, na iwe haijapita miezi 6 unapofungua shauri. Barua ya kawaida haitoshi.

Ndoa ikiwa chini ya miaka 2, omba kwanza kibali cha mahakama. Kwa shauri lenyewe, mahakama ya mwanzo inatosha.

Dada uliyepewa talaka tatu, usiishie na karatasi ya mume: nyumba mliyochuma pamoja hugawanywa na mahakama.