Somo: Kudhibiti magugu kwenye michikichi bila kumaliza pesa

Wakulima wenzangu wa Bugala na visiwa vya jirani hapa Ziwa Viktoria, Uganda, acheni kupalilia shamba zima. Hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea. Mchikichi unataka kisahani safi, yaani duara lisilo na magugu kuzunguka shina, nawe unataka njia ya kupita. Kwingine kote, funika udongo.

Hatua ya 1: Kisahani. Mche mchanga usafishiwe mita 1 kuzunguka shina. Mti unaozaa, karibu mita 2. Ng'oa kwa mkono karibu na shina, kwingine paruza kwa jembe juu juu. Usichimbe! Mizizi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na jembe likizama linaikata. Isitoshe, kisahani kikiwa safi, chikichi zilizoiva zikidondoka unaziona. Hizo ni kilo zako, ziokote.

Hatua ya 2: Kati ya mistari. Miaka 2 au 3 ya mwanzo jua linafika chini, kwa hiyo panda maharage au karanga. Mimi napenda zaidi pueraria, mmea wa jamii ya kunde: inatambaa, inaziba magugu na kuongeza naitrojeni ardhini. Lakini inapanda miti. Niliwahi kuiacha msimu mmoja, ikasonga miche yangu hadi kileleni, na bado naumia nikikumbuka. Ikate kila inapoingia kisahanini. Miti ikishafunga kivuli, magugu hupungua. Fyeka njia tu, na makuti uliyokata yapange kati ya mistari.

Hatua ya 3: Lumbugu na lusenke, zile nyasi sugu. Fyekeo haliyawezi, maana huchipua tena kutoka chini ya ardhi. Hapa tumia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kwenye vipande vilivyovamiwa tu, asubuhi isiyo na upepo, na isiguse jani la mche. Vaa glavu na buti. Mita 200 kutoka ziwani ni eneo la hifadhi kisheria, usipeleke bomba la dawa huko.

MASWALI

Mwalimu, naweza kufungia mbuzi humo wale majani?
Kwenye miche hapana, ndugu yangu, watakula makuti. Subiri yapande juu wasikoyafikia.

Nilipiga dawa juzi, naona majani bado ya kijani. Nirudie?
Usirudie, dada. Glaifoseti huenda polepole hadi mizizini. Ngoja wiki 2. Kama mvua kubwa ilinyesha muda mfupi baada ya kupiga, huenda imeoshwa, lakini hata hivyo angalia kwanza kabla ya kununua nyingine.

Na sere je?
Hiyo kishona nguo haihitaji dawa. Ifyeke kabla haijatoa mbegu.