OutRun: ukitoka nje ya lami, chezea gia

Wengi wanaocheza OutRun, ile gemu ya Sega ya 1986 yenye Ferrari Testarossa nyekundu, wakiingia mchangani huachia mafuta na kusubiri. Usiachie! Gia zipo mbili tu, ya chini na ya juu. Ukiwa nje ya lami, shusha na kupandisha harakaharaka huku umekanyaga mafuta, na mwendo hautaporomoka. Mkono utachoka, ila humu kinachokumaliza ni saa, si magari mengine. Kama ndiyo unaanza, shika kushoto kila njia panda: safari moja ni hatua 5 kati ya 15, na za kulia zina kona kali. Muziki unachagua mwenyewe; mimi sibanduki kwenye Magical Sound Shower.