Kabla ya Kufungua CAD: Maandalizi ya Mchoro wa Bustani na Kiwanja Bagamoyo

Programu ya CAD, yaani ya kuchora ramani na michoro kwa kompyuta, haibishi. Ukiiambia kwamba mwembe uko baharini itauchora baharini, tena kwa usahihi wa tarakimu nne baada ya nukta, na karatasi itakayotoka kwenye printa itapendeza sawasawa na ile ambayo mwembe wake uko uani. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kuchora mandhari ya kiwanja hufanyika kabla kompyuta haijawashwa, na shabaha yake ni moja: kila namba itakayoingia kwenye mchoro ijulikane imetoka wapi na imepimwa kuanzia alama ipi. Ninayoyaeleza hapa nimeyaokota katika viwanja vya Bagamoyo, kati ya Mji Mkongwe na njia ya Kaole, na yanamlenga mchoraji ambaye mstari na duara havimsumbui tena.

Cha kwanza kuwa nacho mkononi ni ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, yenye namba za bikoni (alama za mipaka zilizosimikwa ardhini) na koodineti zake (namba zinazoonyesha mahali zilipo), wala si nakala ya hati peke yake, ambayo mchoro wake huwa mdogo mno kupimiwa kitu. Ukiipata, anza na maandishi ya pembeni kabla ya kusoma namba. Upimaji wa zamani wa Tanzania umefungwa kwenye mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960, ilhali simu na vipokezi vya GPS hutoa koodineti za mfumo mwingine, WGS84, na kwa kuwa Bagamoyo iko katika kanda ya 37 Kusini ya UTM (utaratibu wa kuigawa dunia katika kanda na kutaja mahali kwa mita) kwa mifumo yote miwili, namba zinafanana kwa sura: za mashariki huzunguka 489,000 na za kaskazini huzunguka 9,288,000. Ufanano huo ndio mtego, kwani nukta ileile moja hutofautiana kati ya mifumo hiyo kwa takribani mita 300 upande wa kaskazini na kusini, na karibu mita 90 upande wa mashariki na magharibi. Katika mji uliojibana kando ya bahari, mita 300 zinatosha kumtoa mtu uani kwake na kumtupa mtaa mwingine kabisa.

Bikoni zenyewe zitafutwe ardhini. Kuna zilizofukiwa na mchanga, na kuna zilizong'olewa na jirani aliyekuwa akijenga ukuta usiku. Pima kwa tepu umbali kati ya mbili zilizosalia, kisha ulinganishe na ramani. Tofauti ya sentimita chache katika mita 100 isikutishe, kwa kuwa mji huu uko karibu sana na mstari wa kati wa kanda, na hapo UTM yenyewe hufupisha kila mita 100 kwa sentimita 4. Tofauti ya nusu mita ni ya kumpelekea mpima ardhi, na mchoraji asijaribu kuitatua kwa kuvuta mstari mpaka ukutane na mwenzake.

Kimo kinadai tahadhari kubwa zaidi, na hapo ndipo niliwahi kuaibika. Nilipokea faili la nukta za kiwanja cha ufukweni, nikaziingiza, programu ikanitengenezea kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, zenye mipindo ya kuvutia, nami nikazipeleka kwa mteja bila kuzisoma. Mteja huyo, ambaye utaalamu wake ni biashara ya samaki, aliniuliza swali moja tu: "Kaka, mbona kiwanja changu kiko mita ishirini na nne chini ya bahari?" Kila kimo kilikuwa na alama ya kutoa mbele yake na mimi sikuiona, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye mipindo. GPS hupima kimo kuanzia kwenye umbo la kihisabati la dunia, na katika pwani yetu umbo hilo limepita zaidi ya mita 20 juu ya usawa wa bahari, ilhali vimo vya ramani za nchi huhesabiwa kuanzia wastani wa usawa wa bahari uliopimwa Tanga. Aliyepima hakukosea kitu; aliniletea alichokipima, nami sikumuuliza ni kimo cha aina gani.

Tangu siku hiyo huuliza kwanza kama kuna benchimaki, yaani alama ya kudumu yenye kimo kinachojulikana, karibu. Ikikosekana, huchagua kitu kisichosogea, kwa mfano kizingiti cha mlango wa nyumba iliyopo au mfuniko wa zege wa shimo la maji taka, nikakipa kimo cha 10.00, na kuandika waziwazi kwenye mchoro kwamba kimo hicho ni cha kudhaniwa. Kuanzia 10 badala ya sifuri kuna faida yake, kwani katika ardhi tambarare kama hii hakuna kitakachoshuka chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna alama ya kutoa ya kusahauliwa. Kwa bustani ya nyumba moja, mpira wa maji wa mafundi unatosha kabisa: mmoja anashika ncha moja kwenye kizingiti, mwingine anatembea na ncha ya pili kutoka kigingi hadi kigingi, na pale maji yanapotulia ndani ya mpira ndipo alama inapopigwa. Chukua nukta kila baada ya mita 5, na kila mahali ardhi inapobadilika mwinuko hata kama hapajafika mita 5, kisha uiambie programu ichore kontua za kila sentimita 25. Kontua za kila mita moja, ambazo violezo vingi huja nazo, katika viwanja vyetu hutoa karatasi nyeupe, na karatasi nyeupe humdanganya mtu kwamba hakuna mteremko, wakati maji ya mvua yanaujua.

Kwa kiwanja kinachopakana na bahari, mstari wa maji usinakiliwe kutoka kwenye picha ya setilaiti. Picha ilipigwa saa fulani ya siku fulani, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hufika mita 3 na kuzidi, jambo ambalo kwenye ufuko wenye mteremko mdogo hugeuka kuwa umbali wa kutembea. Afadhali uende siku ya bamvua, uchomeke vijiti pale maji yalipofika, uvipime, na uandike tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, pamoja na zile zinazoweza kudhuru ufuko, ndani ya mita 60 kutoka baharini, na swali la wapi hasa pa kuanzia kuhesabu mita hizo liulizwe halmashauri kabla ya kuchora jukwaa la kupungia upepo, si baada ya nguzo kusimama. Aliye ndani ya Mji Mkongwe ana ofisi nyingine ya kupita, ile ya Mambo ya Kale, kwa kuwa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazipendi shimo wala mzizi mkubwa karibu na msingi wake. Mwarobaini mmoja uliopandwa kwa nia njema unaweza kuupasua ukuta ulioishi zaidi ya miaka mia.

Kutembelea kiwanja mara moja hakutoshi, na asitegemee macho yake tu mtu anayekwenda. Njia ya Kaole nilikuwa nikipiga vigingi kwenye ua mmoja mzee wa jirani akanisogelea. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Hapo unapopiga kigingi, masika maji hupita. Mwaka jana yalinibebea ndoo." Nukta zangu zilionyesha mdidimio wa sentimita 8 tu, ambao ningeupuuza kama kosa la upimaji, kumbe ndio mkondo. Nilirudi na mpira wa maji nikaufuata mdidimio huo tangu chini ya mwembe hadi kwenye kona ya ukuta, na kule ukutani nikakuta tundu ambalo mtu fulani alikwisha kuliacha makusudi. Mstari huo uliingia kwenye leya yake ya pekee, yaani tabaka la mchoro linaloweza kuonyeshwa au kufichwa peke yake, na njia ya vitofali iliyokuwa ipite hapo ikahamishwa kabla haijachorwa.

Miti iliyopo ipimwe siku hiyohiyo: mahali pa shina kutoka kwenye bikoni mbili, unene wa shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upana wa taji (matawi na majani) kwa pande mbili, na kimo cha ardhi pale shina linapotokea, kwa sababu ukijaza au kukwangua udongo juu ya mizizi ya mwembe mkubwa, mti hufa polepole mwenye nyumba akimlaumu mtunza bustani. Kwa miti mipya andaa kwanza orodha ya majina, la Kiswahili na la kisayansi, pamoja na upana wa taji la mti uliokomaa. Mnazi huhitaji karibu mita 8 na mwembe 10 au zaidi, hata kama mche ulioletwa na toroli unafika gotini. Duara kwenye mchoro liwe la mti uliokomaa. Na benchi lisikae ndani ya duara la mnazi; kichwa cha mgeni hakijui kusoma ramani.

Jua nalo lina hesabu yake, na hapa ndipo violezo vya programu zilizotengenezwa Ulaya na Marekani vinapompoteza mchoraji wetu, kwa kuwa vimezoea jua lililo kusini mwaka mzima. Bagamoyo iko takribani nyuzi 6 na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na mwezi Juni hufika kiasi cha nyuzi 60 tu juu ya upeo, wakati Desemba huwa kusini kwa kiasi cha nyuzi 73. Kivuli cha baraza kikichorwa kwa kiolezo kisichorekebishwa kitaanguka upande usio wake kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Ingiza latitudo ya mahali kabla ya kuchora kivuli chochote, na kumbuka kuiandika kuwa ni ya kusini.

Baada ya hayo ndipo programu ifunguliwe, na bado kabla ya mstari wa kwanza kuna uamuzi wa vipimo. Kiwanja huchorwa kwa mita, lakini faili la mbunifu wa majengo kwa kawaida liko katika milimita, na ukiliingiza bila kulitambulisha, nyumba ya mita 12 hutokea ikiwa na urefu wa kilomita 12, ikaufunika mji na kuendelea baharini. Namba ndefu za UTM pia huzitaabisha baadhi ya programu, hasa za maumbo ya pande tatu: mistari hutetemeka na michirizi ya kujazia nyasi huharibika. Dawa yake si kuuburuta mchoro kwa kipanya hadi kwenye sifuri. Uhamishe kwa namba kamili zilizoandikwa, tuseme kwa kutoa 489,000 na 9,288,000, na maelezo hayo yawekwe kwenye kona ya mchoro ili mpima ardhi aweze kuurudisha mahali pake.

Leya zipewe majina kwenye karatasi kwanza, na mgawanyo muhimu kuliko wote ni wa kilichopo, kitakachoondolewa na kitakachoongezwa. Mchoro unaochanganya miti iliyopo na miti mipya katika leya moja humfanya fundi akate asichopaswa kukata. Kila mti uwe bloku, yaani alama moja inayorudiwa, yenye jina na upana ndani yake, ili programu ihesabu miche yenyewe badala ya wewe kuhesabu vidole usiku wa kuamkia siku ya kununua. Asiye na uwezo wa kulipia AutoCAD anaweza kuchora kwa LibreCAD, ambayo ni ya bure, na koodineti akazishughulikia katika QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni ya bure, ilimradi ajue mapema kwamba LibreCAD ni ya pande mbili tu na huhifadhi faili zake kwa muundo wa DXF. Muulize pia atakayepokea faili anatumia toleo gani, kwani faili jipya la DWG, muundo wa AutoCAD, halifunguki kwenye programu ya zamani, na faili rejea (michoro mingine iliyounganishwa na wako) na fonti zisipoambatanishwa, maelezo yako humfikia yakiwa alama za kuuliza.

Umeme utakatika. Weka uhifadhi wa kiotomatiki kila dakika 5 na nakala nje ya kompyuta hiyo.

Mwisho uamue karatasi. Kiwanja chenye urefu wa mita 100 kwa skeli ya 1:200 huchukua sentimita 50, kwa hiyo kinaenea kwenye A1, lakini mafundi wengi watakiona kikiwa kimepunguzwa hadi A3 na duka la fotokopi, ambako 1:200 imekuwa 1:400 ingawa maandishi ya pembeni bado yanasema 1:200. Chora mstari wa skeli wenye mita zilizoandikwa juu yake, kwani huo hupungua pamoja na mchoro. Kisha chapisha A3 moja yenye vilivyopo tu, bila mti mpya hata mmoja, urudi nayo kiwanjani na tepu, upime umbali wa vitu viwili ambavyo hukuvipima mara ya kwanza, kama vile kutoka kisimani hadi kwenye mwembe na kutoka kwenye mwembe hadi kona ya ukuta. Karatasi ikikubaliana na tepu, anza kupanda.