Kiungio cha Bomba Kikivuja, Usikimbilie Kukaza

Nikiitwa kwenye kiungio kinachovuja, mara nyingi nakuta mtu ameshakikaza mpaka spana imeacha alama kwenye chuma, na maji bado yanadondoka. Nguvu si dawa yake. Funga koki kuu, fungulia bomba lililo chini kabisa maji yaliyobaki yatoke, kisha fungua kiungio chote uanze upya.

Meno kwanza, yaani ile mikato inayozunguka ncha ya bomba. Toa tepu ya zamani yote kwa brashi ya waya. Kwa plastiki mswaki mkuukuu unatosha. Futa, kausha.

Sasa geuza bomba, ncha yenye meno ikutazame. Zungusha tepu nyeupe ya tefloni kufuata mwendo wa mishale ya saa, ukiivuta kidogo ili izame kwenye meno. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukiizungusha kinyume, kiungio kikiingia kinaifumua na kuisukuma nje. Jino la kwanza liache wazi, vinyuzi vya tepu visije vikaingia ndani na kwenda kuziba kichujio cha koki. Bomba la nusu inchi, mizunguko minne au mitano ya tepu nyembamba inatosha. Ile nene, punguza. Kwa mabomba ya chuma mimi bado naipenda katani (nyuzi za kuzungushia meno badala ya tepu) na dawa yake ya kupaka, japo inachafua mikono.

Kaza kiungio kwa mkono hadi kigome, halafu spana, mzunguko mmoja hadi miwili. Plastiki ionee huruma. Tepu inateleza, kwa hiyo utakaza kupita kiasi bila kujua, na soketi (kile kiungio chenye meno ya ndani) inaweza kupasuka hata siku nyingi baadaye, wewe umeshasahau. Na elbo (kiungio cha kona) ikipita pale ulipotaka ielekee, usiirudishe nyuma hata kidogo. Ifungue, safisha, weka tepu mpya. Ndiyo, yote.

Nati zenye washa ya mpira, kama zile za mipira ya kupeleka maji kwenye sinki, hazitaki tepu kabisa. Pale mpira ndio unaoziba. Ukichakaa, badilisha washa.

(Bomba la gesi ni habari nyingine. Mwachie fundi wa gesi.)

Fungulia maji polepole, kisha pitisha tishu kavu chini ya kiungio, maana jicho haliuoni unyevu mdogo. Ikitoka kavu, rudia tena baada ya saa chache kabla hujafunika ukuta.