Kujiandaa kwa Mbio za Kimataifa Ukiwa Mtaalamu wa Hali ya Hewa Mbeya

Mwongozo huu unamhusu mtumishi wa kituo cha hali ya hewa katika Nyanda za Juu Kusini ambaye pia ni mkimbiaji, na ambaye ameanza kupata nafasi ya kushindana nje ya nchi. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo na mbio vinagombania muda wake. Kuhusu muda hawakosei, lakini maarifa ya kazini ni mtaji ambao washindani wake wengi hawana. Mwaka 1907, Kombe la Gordon Bennett la mbio za puto liliposhindaniwa kuanzia St. Louis, Marekani, mshindi alikuwa Mjerumani Oscar Erbslöh, na msaidizi wake ndani ya puto alikuwa Henry Helm Clayton, mtaalamu wa hali ya hewa. Puto halina usukani. Rubani huchagua kimo tu ili akutane na upepo unaoelekea anakotaka kwenda. Mkimbiaji hategemei upepo kiasi hicho, ila naye hushindana ndani ya hewa ambayo hakuichagua.

Anza na ratiba ya zamu, kwa kuwa ndiyo ngumu kubadilika. Siku unayotoka zamu ya usiku isiwe siku ya mazoezi ya kasi: lala kwanza, kisha jioni ukimbie taratibu. Barua ya kuomba ruhusa ya safari iende mapema ikiwa na nakala ya mwaliko, na mwenzako wa kubadilishana zamu apatikane kabla ya barua hiyo kufika kwa mkuu wa kituo, maana kipimo cha mvua cha saa tatu asubuhi lazima kisomwe, uwepo usiwepo.

Kuhusu mwinuko, huna haja ya kuhangaika. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 830 badala ya 1,013 za pwani, na mwili unaoishi hapo umekwisha kuzoea oksijeni pungufu. Kupanda Kitulo, kwenye mita 2,600, kwa ajili ya mazoezi ya kasi ni kujichosha bure, kwa sababu kasi yenyewe hushuka.

Kinachokosekana Mbeya ni joto. Juni na Julai alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10, wakati mashindano makubwa ya dunia mara nyingi huangukia majira ya joto ya huko yanakofanyika. Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, alikimbia marathoni ya Boston Aprili 2025 kwa saa 2:05:04 na kuwa wa pili. Septemba mwaka huohuo, katika joto la Tokyo, alitwaa ubingwa wa dunia kwa 2:09:48. Si joto pekee lililoleta tofauti hiyo, kwani mbio za ubingwa huwa za kuviziana, lakini anayekwenda huko akiutegemea muda wake wa baridi atajiumiza.

Hapa ndipo taaluma yako inapofaa. Usitazame nyuzi za joto peke yake. Kokotoa kipimo kinachojumlisha joto, unyevunyevu, jua na upepo. Chukua asilimia 70 ya kipimajoto chenye kitambaa kibichi, asilimia 20 ya kipimajoto kilichomo ndani ya tufe jeusi, na asilimia 10 ya kipimajoto kikavu. Vikisoma 24, 38 na 30, jumla ni 27.4, na ikivuka 28 hatari huwa kubwa mno kwa mbio ndefu. Angalia jambo moja: vipimajoto vya kituoni vimo ndani ya kibanda cheupe chenye kivuli, ilhali kile kibichi cha hesabu hii hukaa wazi, juani na upeponi. Ukitumia namba za kibandani utapata jibu la kupendeza lisilo la kweli.

Joto lenyewe lifuate Kyela. Barabara ya kupitia Tukuyu inakushusha hadi mita 500 hivi, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye hewa nzito yenye unyevu. Kaa huko siku 10 hadi 14, ukianza na dakika 30 za mbio nyepesi na kuongeza kidogo kidogo, na ujipime uzito kabla na baada ya mbio, kwani kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Mapigo ya moyo yakianza kushuka kwa kasi ileile, mwili umeanza kuzoea. Ukipata kizunguzungu au kusikia baridi katikati ya jua kali, simama na utafute kivuli na maji. Usiku lala ndani ya chandarua, maana malaria ya bondeni humwonea mtu aliyetoka kwenye baridi. Kambi hii iwe karibu na tarehe ya safari, kwa sababu mazoea ya joto huanza kupotea ndani ya wiki chache ukirudi Mbeya.

Wiki ya mashindano, fuatilia utabiri wa mji husika saa kwa saa, hasa saa ya kuanza na saa mbili zinazofuata, kisha kokotoa upya. Jibu likikaribia 28, kilomita 10 za kwanza zikimbie polepole kuliko mpango wako, na kocha aambiwe hivyo jioni ya kuamkia mbio, akiwa na hesabu mkononi.